Mashine Nyuma ya Pazia la Mkurugenzi

Seva ya mafaili ya ofisi ile haikukaa kwenye chumba cha kompyuta, kwa sababu chumba cha kompyuta hakikuwepo. Ilikaa sakafuni katika ofisi ya Mkurugenzi, nyuma ya pazia, kati ya ukuta na kabati la vikombe vya michezo, kwa kuwa humo ndimo kilimokuwa kiyoyozi pekee cha jengo zima. Nimepita katika ofisi nyingi za serikali za mitaa, kwenye nchi zaidi ya moja, na bado sijaona ambako ubaridi ulimwendea mtu mwingine zaidi ya yule anayetia saini.

Aliyeihudumia mashine hiyo walimwita Mama Faili. Aliajiriwa awe karani wa masijala. Mambo ya kompyuta yalimwangukia miaka minane nyuma, siku seva ilipoletwa, naye akawa mtu pekee aliyekisoma kijitabu cha maelekezo; wengine walikitumia kuzuia mlango usijifunge. Tangu hapo printa ikigoma anaitwa yeye, simu ya Mhasibu ikijaa picha za harusi anaitwa yeye. Mshahara ulibaki wa karani.

Lakini kuna jambo moja alilifanya kwa hiari yake. Kwa miaka minne, kila alasiri foleni ya dirishani ilipopungua, alilaza daftari la vizazi kwenye skana na kulipitisha ukurasa mmoja mmoja, hadi akayamaliza madaftari yote sitini na mawili. Mwaka uliofuata paa la masijala lilivuja wiki nzima ofisi ikiwa imefungwa, na madaftari ya rafu za chini yakawa uji. Kwa hiyo aliyezaliwa katika miaka ile, akija kutaka nakala ya cheti ili apate pasi au pensheni, hakuwa na ushahidi mwingine duniani kwamba alizaliwa, ila ule uliokuwa nyuma ya pazia la Mkurugenzi.

Na nyuma ya pazia taa nyekundu ilikuwa inawaka. Seva ilikuwa na diski mbili, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa pia kwenye nyingine. Moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa imeanza kukwaruza kama kucha kwenye bati, na diski za aina ile hazikuwa zikitengenezwa tena. Mama Faili alikuwa na diski ya pembeni ya kunakilia, ila kunakili kulitaka saa saba mfululizo, na kila jioni ilimbidi aizime taratibu kwa kuwa umeme wa jengo hukatwa ofisi ikifungwa. Mara nne alianza asubuhi, na mara nne, kabla ya saa sita mchana, kazi ilikatika.

"Nani kazima?" alimwuliza Katibu Muhtasi, anayekaa mlangoni kwa Mkurugenzi.

"Wageni," akajibu yule bila kuinua macho.

"Wageni wamezima?"

"Wageni wamekuja. Bosi akasema kile kidude kinanguruma kama kinu cha kusaga, akanyoosha mkono, akazima ukutani. Ulitaka nimshike mkono?"

"Ungemwambia kuwa hiyo ni seva."

"Mwambie wewe, dada. Mimi nina watoto wanasoma."

Ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka minane. Mara mbili au tatu kwa wiki seva ilizimwa, wageni wakanywa chai, wakaondoka, kisha Mama Faili akaingia kwa kunyata, akawasha, akasubiri roho mkononi. Kila alipojaza fomu ya matengenezo, kwenye mstari wa sababu ya kuharibika aliandika neno moja: uchakavu. Ndilo neno la ofisi nzima. Paa lilivuja kwa uchakavu. Gari lililogongwa getini lilikuwa na uchakavu. Hata kufuli lililovunjwa kwa nyundo, funguo zilipopotea, liliandikiwa uchakavu.

Kamati ya manunuzi ilikaa ikiwa na watu watatu: Mhasibu kwenye kiti cha mwenyekiti, Afisa Afya, na Mama Faili kama mtaalamu. Mezani zilikuwepo karatasi za wauzaji watatu. Wa kwanza aliuza seva kubwa ya diski nne, yenye feni za nguvu. Wa pili alikuwa na kiboksi cheupe cha diski mbili, kisichozidi ukubwa wa kopo la biskuti. Wa tatu alitaka mafaili yote yatunzwe kwake kwa njia ya intaneti, na intaneti ya ofisi ile ilikuwa inaondoka kila wingu linapokusanyika.

"Hii ya kwanza mbona kubwa hivi?" akauliza Mhasibu.

"Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Unachomoa mbovu, unaweka nzima."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo ni ya mtu kuweka filamu zake nyumbani."

"Ina rangi nzuri lakini," Afisa Afya akasema.

"Ndugu yangu, hatuchagui mapazia."

Mhasibu akatoa kikaratasi mfukoni, akakikunjua taratibu. Kilitoka kwa Mkurugenzi, kina maneno mawili tu: Isipige kelele.

"Basi tumemaliza," akasema. "Ndogo."

"Mzee, mashine haikufa kwa kelele. Imekufa kwa kuzimwazimwa."

"Kuzimwa na nani?"

Mama Faili alimtazama Mhasibu. Mhasibu alitazama dari. Afisa Afya alianza kuisoma karatasi yake upande usio na maandishi. Kikao kikaahirishwa, na wiki iliyofuata kikaahirishwa tena, huku taa nyekundu ikiendelea kuwaka.

Nyumbani, mume wake, fundi friji, alikuwa amepiga magoti uani, mkono umezama ndani ya friji la mteja hadi begani.

"Kwani hiyo ndogo ina ubaya gani, mama watoto?"

"Akiizima ghafla itakufa vilevile. Tofauti yake itakufa kimya."

Mume akacheka humo humo ndani ya friji. "Basi tatizo si mashine."

"Ni mkono."

"Hapo pole. Mkono wa bosi hauna spea."

Asubuhi yake alijaza fomu mwenyewe, bila kusubiri kikao. Kwenye nafasi ya kifaa kinachopendekezwa aliandika ile ya diski nne. Kwenye mstari wa sababu, neno lile lilikuja lenyewe hadi kwenye ncha ya kalamu. Alilizuia. Akaandika: Kuzimwa ghafla kwenye swichi ya ukutani, mara mbili au tatu kwa wiki, wageni wanapopokewa. Akamwachia Katibu Muhtasi, ambaye aliishika kwa vidole viwili kama kitu kilicholoana.

Aliitwa kabla ya saa nne.

"Mama, hapa umeandika nini?"

"Sababu, mheshimiwa."

"Anayezima ukutani ni mimi. Na mimi nazima lile lidude la kutuliza umeme wa kiyoyozi, lile fundi aliloacha hapa. Seva yenu inahusiana nini?"

Mama Faili alikwenda akalivuta pazia. Mkurugenzi akainuka nusu kwenye kiti, akatazama lile boksi lenye vumbi na taa yake nyekundu, likikwaruza.

"Hii ndiyo seva?"

"Ndiyo hii."

"Miaka yote hii? Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Tulidhani unajua," akasema, na hasira ikampanda kwa kuwa hata jibu hilo lilikuwa uchakavu wa aina yake.

Mkurugenzi akairudisha fomu mezani. "Wakaguzi wakisoma hii, mimi ndiye niliyeua mashine. Andika uchakavu."

"Nitaandika. Lakini utie saini ile ya diski nne, na fundi umeme aiondoe hiyo swichi. Na leo naomba saa saba za kunakili."

"Unanipa masharti?"

"Naomba, mheshimiwa."

"Leo nina wageni. Na kesho."

Akatia saini. Mama Faili akakata sentensi yake nzima kwa mstari mmoja, akaandika neno lile.

Seva mpya ilifika wiki ya sita. Alikaa nayo sakafuni kutwa nzima, koti begani, akisikiliza ile kongwe inavyokwaruza huku madaftari yakihama moja baada ya jingine. Yalifika salama sitini na moja. Daftari la arobaini na tatu lilikatikia njiani, na halikurudi tena kwa mbinu yoyote aliyoijua. Karatasi zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizogeuka uji. Katika wiki zile sita hakuna aliyemkataza kunakili. Ni wageni tu hawakukatika.

Mashine mpya ilinguruma kuliko ya kwanza, na swichi haikuwepo tena. Siku ya tatu Mkurugenzi akatangaza kwamba anahamia chumba cha mikutano, yeye na kiyoyozi chake. Seva ibaki ilipo. Mama Faili alieleza kwamba ofisi ile bila ubaridi ingeichemsha seva ndani ya mwezi. Aliambiwa afungue dirisha. Fundi aliyeitwa kuhamisha kiyoyozi alikuwa mume wake.

Jioni alimkuta uani akinawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Umekihamisha?"

"Hapana. Nimemwambia mabomba yake hayafiki kule, na yakikatwa gesi yote inakwenda. Kanielewa."

"Kwani hayafiki?"

Mume alijifuta mikono kwa suruali, kidole kimoja kimoja.

"Sijapima," akasema.