Waamuzi Wawili kwenye Kituo cha Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja Milo Vondra alichezesha besiboli katika mji wa Praskov, Nebraska, akiwa peke yake. Hakuwa na mwenzake, hakuwa na cheti, na hakuna aliyemuuliza alijifunzia wapi. Mji ulikuwa na mwamuzi mmoja kama ulivyokuwa na kinyozi mmoja, na watu waliridhika na wote wawili, au walinyamaza.

Jumatatu hadi Jumamosi alipima mahindi kwenye ghala la ushirika. Jumapili, baada ya misa, alivaa shati la buluu ambalo mkewe Albina alikuwa amelipiga pasi, na tangu hapo hakumsalimu mtu. Shemeji yake mwenyewe, aliyechezea Praskov, Milo alimwita kwa namba ya mgongoni. Hakuonja soseji wala kolache, mkate mtamu wa plamu, mpaka mchezo uishe, kwa kuwa soseji zilipikwa na wake za wachezaji.

Vituo vyote vinne, ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate pointi, vilikuwa vyake. Uwanja ukiwa hauna mkimbiaji, alisimama kituo cha nyumbani, nyuma ya mdakaji, akihukumu kila mpira uliorushwa. Mpigaji akishafika kituo cha kwanza, Milo alihamia katikati ya uwanja, nyuma ya mrushaji, ili aweze kuwahi popote. Alikuwa na miguu mifupi na goti bovu la kulia, lakini alijua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Ndivyo kazi ilivyofanywa katika kila mji wa eneo lile, na watoto walikua wakidhani haiwezi kufanywa vingine.

Halafu wakaja watu wa karatasi.

Chama cha besiboli cha wilaya kilimwajiri Curtis Haldane awanyooshe waamuzi wote. Haldane alikuwa na miaka thelathini na minne. Alisomea uamuzi Florida, kwenye chuo chenye wakufunzi, kisha akachezesha ligi za kulipwa kwa miaka sita, zile za chini ambako vijana hulala njiani wakisubiri kuitwa juu. Hakuitwa. Walimshukuru, wakamwacha aende, naye akaja kuuza bima katika mji wa kwao mkewe. Alitembea kama mtu ambaye bado anatazamwa.

Mwezi Machi aliwakusanya wanaume ishirini na wawili kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Walikuwapo wakulima, walimu, mpeleka barua, na Wendell Strasil, fundi mabomba aliyefumba macho kila mpira ulipomjia. Haldane aliwapanga mmoja mmoja kwenye vituo vya mkeka.

"Bwana Vondra, mbona umesimama huko?"

"Kuna mkimbiaji kituo cha kwanza. Nasimama nyuma ya mrushaji."

"Huko unaona nini, zaidi ya mgongo wa mtu na suruali yake?"

"Miaka thelathini hakuna aliyelalamikia suruali."

Watu wakacheka. Haldane akasubiri wamalize. "Wamelalamika, mzee. Ila hawakuwa na wa kumpelekea malalamiko isipokuwa wewe mwenyewe."

Hilo lilimchoma Milo, maana kulikuwa na ukweli ndani yake.

Kisha Haldane akawafundisha kuchezesha wawili wawili. Mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza na mpira ukapigwa mbali, mwamuzi wa kituo cha nyumbani hukimbilia kituo cha tatu, na mwenzake hubaki na cha kwanza na cha pili. "Kituo cha mwenzako usikiguse," alisema. "Hata ukimwona amelala. Waamuzi wawili wakitoa uamuzi kwenye kituo kimoja, mmekwisha wote."

Milo alihudhuria siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa ya mtihani, na siku hiyo malori kumi na saba yalipanga foleni ghalani, akabaki kuyapima. Wendell Strasil alipata cheti na beji ya kushona kwenye mkono wa shati. Milo hakupata kitu, na barua ya chama ikasema kwamba asiye na cheti hatasimama tena kituo cha nyumbani.

Lakini ilikuwapo desturi ya fainali. Kila Agosti, manahodha wa timu mbili walikwenda kwenye kituo cha nyumbani siku saba kabla ya mchezo, kila mmoja akataja mwamuzi anayemtaka. Wakitaja jina moja, huyo ndiye. Mwaka ule wa themanini na tatu fainali ilikuwa kati ya Praskov na Holt Creek, watu wasiokubaliana hata juu ya saa, na manahodha wote wawili walimtaja Vondra. Chama kikawatumia ujumbe kwamba haiwezekani. Nahodha wa Holt Creek akajibu kwamba basi hawachezi.

Chama kikalegea kwa sharti. Vondra atasimama nyumbani na Haldane atashika vituo vingine. Mchezo ukiisha, Haldane ataandika ripoti, na ripoti hiyo ndiyo itakayoamua kama Milo ataendelea kusimama nyumbani mwaka ujao au atafungiwa moja kwa moja.

Walibadilishia nguo kwenye kibanda cha rangi na mashine za kukatia majani. Haldane alifunga kamba za viatu mara mbili.

"Leo una mpango wa kwenda kule nyuma ya mrushaji?"

"Leo tuko wawili."

"Vizuri. Mkimbiaji akiwa cha kwanza, kituo cha tatu ni chako."

"Najua."

"Na goti?"

"Goti litakuja na mimi."

Watu kama mia tano walikuja. Kabla hata ya mpira wa kwanza, mama mmoja aliyekuwa kwenye meza ya soseji alipaza sauti. "Milo, huyo bwana wa Florida amekuja kukushika mkono ukivuka barabara?"

"Amekuja kumsomea sheria," mwanamume mmoja akadakia. "Maandishi yamekuwa madogo."

Milo hakugeuka. Alichezesha vizuri siku hiyo, labda kuliko siku zote, na warushaji wote wawili walijua kufikia zamu ya tatu kati ya tisa mpira upi atawahesabia na upi atawanyima. Lakini pia alimwangalia Haldane. Katika zamu ya nne mkimbiaji alijitupa kituo cha pili na vumbi likawafunika wote. Haldane alisimama kwanza, akatulia, akatazama mpira uko wapi, ndipo akasema salama, yaani mkimbiaji abaki. Mpira ulikuwa umetoka kwenye glovu, uko chini, umelaliwa na paja la mchezaji. Milo alijua kwamba yeye angesema auti, yaani mkimbiaji ametolewa, na angekuwa amekosea. Akajiuliza ni mara ngapi alikosea hivyo katika miaka yote ile, na hakupenda jibu.

Zamu ya tisa, Holt Creek wakiwa mbele nne kwa tatu, Praskov walikuwa na nafasi ya mwisho. Mtu wao mmoja alikuwa amekwisha kutolewa, na wakitolewa watatu mchezo umekwisha. Denny Slavik, mwenye mbio kuliko wote mjini, alikuwa kituo cha kwanza. Mpigaji akaupiga mpira chini, ukapenya upande wa kulia. Slavik akapita kituo cha pili bila kupunguza mwendo.

Milo alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Goti lilimuuma na hakulijali. Alifika karibu na kituo cha tatu mpira ukiwa angani na Slavik akiwa anajitupa chini. Mchezaji wa Holt Creek akadaka, akashusha glovu ili amguse Slavik kabla hajafika, na mgongo wake mpana ukamziba Milo. Milo hakuona glovu ikigusa kitu. Akanyoosha mikono yote miwili pembeni.

"Salama."

Wakati huohuo, hatua nne tu kutoka alipokuwa, ngumi ilipanda juu.

"Auti."

Haldane alikuwa ameacha sehemu yake. Alikuwa amevuka uwanja mzima kuja kwenye kituo kisicho chake, mbele ya watu mia tano, na sasa alisimama huku ngumi ingali juu, uso ukiwa umemwiva.

Kisha manahodha wote wawili wakaja mbio, kila mmoja akinyoosha kidole kwa mwamuzi aliyempendelea.

"Rudini nyuma," Milo alisema. Wakarudi, maana sauti hiyo waliijua tangu wakiwa watoto.

Kitabu kinasema waamuzi wakipingana, mwamuzi wa nyumbani ndiye mkuu, na ndiye atakayeamua uamuzi upi usimame. Haldane alikijua kifungu hicho kwa namba. Milo alikijua bila namba. Wakaenda pembeni, karibu na mstari.

"Umeona nini?" Milo akauliza.

"Amemgusa gotini. Kabla mguu haujafika."

"Una hakika?"

"Nilikuwa upande wa wazi. Wewe ulikuwa na mgongo wa yule jamaa."

Milo akakitazama kituo. Angeweza kusema salama, na mambo yangeishia hapo. Mji wote ungempigia makofi, na huyu kijana wa chuo angebaki na aibu ya kuingilia kituo cha mtu. Ripoti yenyewe Haldane angeiandikaje, bila kutaja kosa lake? Lakini Milo hakuwa ameona. Alisema salama kwa sababu hakuona, na mwenzake alikuwa ameona.

Akarudi kwenye kituo. Slavik alikuwa amekipanda kwa miguu miwili kama mtu aliyekinunua.

"Shuka, kumi na moja. Auti."

"Milo, bwana, wewe umesema salama."

"Sasa nasema auti."

Kelele zilizofuata alizisikia kutoka mbali. Alisikia "wameshamnunua" na "mzee amemwogopa bwana beji." Mtu alirusha kikombe cha bia. Mpigaji aliyefuata aliupiga mpira juu sana, mbali kabisa, ukadakwa mbele ya uzio, na mpigaji akawa ametolewa. Kama Slavik angekuwa bado kituo cha tatu, hiyo ingekuwa auti ya pili tu, naye angetembea mpaka nyumbani kabla mpira haujarudishwa na pointi zingekuwa sawa. Badala yake ilikuwa auti ya mwisho, na mchezo ukaisha.

Kibandani Haldane alikaa juu ya ndoo ya rangi, hajavua hata kofia.

"Kilikuwa kituo chako," alisema.

"Ndiyo."

"Niliangalia nikakuona umetoka nyumbani. Nikafikiri hutawahi."

"Niliwahi."

"Uliwahi." Akafuta shingo kwa taulo. "Ungeweza kushikilia uamuzi wako, mzee. Nisingesema neno."

"Ulimwona akimgusa?"

"Nilimwona."

"Basi ningeshikilia nini?"

Haldane aliandika ripoti ya kweli, hilo lazima lisemwe. Aliandika kwamba Vondra alikuwa mahali pake kwa wakati wake, na kwamba yeye Haldane aliacha mahali pake kwa kutomwamini mwenzake. Kamati ya chama ilikaa Oktoba. Mwenyekiti, muuza matrekta ambaye hajawahi kuchezesha hata mchezo wa watoto, aliisoma yote kwa sauti, kisha akasema jambo liko wazi. Mbele ya watu mia tano Vondra amebadilisha uamuzi wake kwa kuambiwa na mtaalamu. Kwa hiyo hata yeye mwenyewe anajua nani mtaalamu. Kura zikawa tatu kwa mbili dhidi yake. Vondra ataruhusiwa vituo vingine, na michezo ya watoto.

Haldane alimletea barua mwenyewe ghalani, akasimama kando ya mizani mpaka lori lishuke.

"Niligombana nao," alisema.

"Nimesikia."

"Njoo Machi ufanye mtihani. Ni saa mbili tu. Nitakupitisha kwenye maswali nyumbani kwangu, ukitaka."

Milo alisoma barua, akaikunja vizuri. Hakuwa na hasira na kijana yule. Alikuwa amemwona akifanya kazi, na kazi aliijua. "Wewe umeniona zamu tisa," alisema. "Kama hizo hazikuwatosha, karatasi itawaambia nini?"

Lori jingine lilikuwa limepanda mizani.

Kinyozi wa Praskov alimnyoa Milo bila kusema neno mpaka Krismasi. Slavik hakumsalimu tena kabisa. Mwezi Mei Milo aliliendesha lori lake dogo kwa saa nzima na zaidi kwenda wilaya ya magharibi, ambako timu sita zilikuwa bado zinacheza bila chama na mwamuzi alikuwa mmoja. Walimuuliza kama anajua kazi, akasema anaijua, wakampa mipira. Alichezesha huko misimu minne, mpaka nao wakapata chama.