Folda ya Kyimo Mbaya

Kwaya ya kanisa letu la Kyimo niliirekodi mwenyewe, mama yangu akiwa bado hai na ndiye anayeanzisha nyimbo. Rekodi safi niliziweka kwenye folda niliyoiita Kyimo. Zile zilizoharibiwa na mvua kupiga bati niliziweka kwenye nyingine, Kyimo mbaya.

Mama alishafariki laptopu yangu ilipojaa, nikampelekea fundi mmoja wa Ibighi. Nikamwambia afute Kyimo mbaya. Bwana mkubwa hatumii kipanya. Yeye anaandika amri, ili umwone mtaalamu. Akaandika amri ya kufuta, akafuatisha jina la folda bila kulizungushia alama za kunukuu. Kompyuta ikaona nafasi kati ya maneno, ikadhani imetajiwa vitu viwili. Ikafuta Kyimo yote. Halafu ikasema haioni kitu kinachoitwa mbaya.

Na amri ile haipeleki kitu kwenye kapu la taka. Kikifutwa kimekwenda.

Unajua aliniambia nini? "Kosa lako, dada. Nani anaacha nafasi kwenye jina la folda?"

Dada! Sote tunaacha nafasi kati ya maneno tangu darasa la kwanza. Alama mbili tu, mwanzoni na mwishoni mwa jina, zimemshinda, halafu ananifundisha mimi kuandika!

Mpaka leo nikipita pale kwake damu inanichemka. Nikitaka kumsikia mama, nafungua Kyimo mbaya. Anaanzisha wimbo, mvua inammeza, anakohoa, anasema tusubiri ipite.