Siku Kobe Alipokatwa Ulimi

Nilikata mirija ya moshi ya gari la babu kwa msumeno wa chuma. Naanza na hilo ili tusizungushane. Ilikuwa Jumamosi mchana, babu amelala baada ya swala ya adhuhuri, mama yuko dukani, nami niko chini ya gari na kaptula ya shule, chenga za chuma zimenijaa puani, najiona fundi mkuu wa mtaa wetu wa Makindye mzima. Upumbavu wenyewe hasa niliugundua baadaye: mirija ile ilishikwa kwa nati tu. Ningeifungua kwa spana na kuirudisha kabla mtu hajaamka. Lakini mimi na subira hatujawahi kusoma darasa moja.

Gari lenyewe ni kobe. Ndivyo tunavyoliita lile gari dogo la mviringo, injini nyuma, mizigo mbele, kama limevaliwa kinyume. Rangi yake ni ya maziwa yaliyodondokewa na chai. Babu alilinunua akiwa kijana muuza vitambaa, mama hajazaliwa, na hajabadilisha kitu. Viti ni vilevile, taa zilezile, hata redio ni ileile, ingawa haikamati chochote ila mkwaruzo. "Na mkwaruzo wenyewe ni wa asili," babu husema, akiongeza sauti.

Nyuma, chini ya bampa, palikuwa na vijirija viwili vyembamba kama filimbi. Kobe hakunguruma. Alipiga mluzi. Babu akiondoa mguu kwenye mafuta mteremkoni, ilitoka sauti kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Mama anasema utoto wake wote umo ndani ya mluzi ule. Ulipofika kona ya chini, yeye na kaka zake walitupa vijiko na kukimbilia geti, na aliyefika wa kwanza alisimama kwenye ubao wa ubavuni mwa gari, akaingia uani kama gavana.

Mimi nina kumbukumbu yangu. Nyuma ya kiti cha nyuma kuna kishimo cha mizigo, juu kabisa ya injini. Nilipokuwa mdogo nililala humo tukitoka madrasa, joto likinipanda mgongoni, harufu ya petroli ikichanganyika na ya udi kutoka kwenye kanzu ya babu, mluzi ukiimba chini ya sikio langu. Sijapata tena usingizi kama ule, hata kwenye kipindi cha historia.

Sasa kwa nini nikaukata mluzi huo? Kwa sababu ya Luzira.

Kila mwezi, Jumapili moja, wapenzi wa magari ya zamani walikutana huko kwenye uwanja mtupu karibu na ziwa. Sasa hivi pamejengwa maghala, nikipita nageuza uso. Walikuwa makabila mawili. Kabila la kwanza ni asilia: wazee na kanzu zao, wazee na suti zao, watu wanaoweza kugombana nusu saa juu ya kifuniko cha valvu. Kabila la pili ni machongo. Hao wanachukua gari la kizamani, wanalikata paa, wanalishusha mpaka tumbo liguse barabara, wanalitia injini ya pikapu na matairi mapana kama viti vya kiongozi wa msikiti. Machongo waliwaita asilia walinzi wa makaburi. Asilia waliwaita machongo wachinjaji.

Hawakuwa maadui. Walikuwa watani, na utani wao ulikuwa na sheria. Asilia akikutwa na kitu cha kigeni garini, anamkabidhi mtani wake ufunguo mpaka jioni, naye anakaa kiti cha nyuma. Machongo gari lake likizimika njiani, vivyo hivyo. Halafu msafara ukianza, mkubwa wa asilia anatangulia na wengine wote nyuma yake, mpaka juu ya kilima cha Lubaga. Mkubwa huyo alikuwa babu.

Mwezi ule pamiti yake, leseni ya kuendesha, ilikuwa inaisha, na daktari wa macho alikataa kabisa kumpitisha kwa nyingine. Babu hakulalamika. Alisema anataka kitu kimoja: awaongoze asilia mara ya mwisho, yeye mwenyewe kwenye usukani, halafu gari lipumzike naye apumzike. Nyumba nzima ilijua. Mama alimpigia pasi kanzu siku mbili kabla.

Na mimi nilijua. Nisije nikasingizia kutojua. Ila vijana wa machongo walizoea kumwita kobe wetu "birika" kwa sababu ya mluzi, na kila waliponiona walipuliza midomo, fyuuu, leteni vikombe! Nikawaza, kama hii ndiyo safari ya mwisho, basi isikike. Mwanafunzi mwenzangu wa Katwe alinipa bomba nene la pikipiki iliyokufa. Nikakata, nikafunga, nikaosha mikono kwa sabuni ya mama ya kwendea harusini.

Jumapili asubuhi babu alivaa kanzu, akapanda, akawasha.

Kobe alibweka. Sina neno jingine. Alibweka, akakohoa, akanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukuta. Mama alitoka jikoni mbio, unga wa chapati mikononi. Babu akazima. 

"Nani amemkata ulimi huyu?" babu akauliza.

Uani, ukimtoa mama, tulikuwa mimi na kuku.

"Babu, nilimwongezea nguvu kidogo."

"Nguvu."

"Ndiyo, babu."

Mama akainama nyuma ya gari, akatazama, akainuka polepole. "Viko wapi vile vijirija?"

"Kimoja ni filimbi ya mpira wa shule."

"Na cha pili?"

"Cha pili kilikatika vibaya, mama. Nacho ni filimbi, ila haitoi sauti."

"Astaghfirullah." Aliufuta uso wake, akajipaka unga wote. "Baba, basi tusiende. Tuwaambie unaumwa. Utaenda mwezi ujao."

"Mwezi ujao nitaendesha na nini? Na tasbihi?" Babu akawasha tena. "Ingieni."

Tulikwenda. Mama mbele pembeni yake, mimi nyuma, na bomba langu likitangaza habari zetu kutoka Makindye mpaka Luzira. Watu wa boda boda walitupisha wakidhani mwenzao amefika na hasira. Karibu na uwanja kuna mteremko, nami nikaona mwanga.

"Babu, tuzime injini hapa. Tutateremka wenyewe, tuingie kimya kimya. Nani atajua?"

Alinitazama kwenye kioo. Macho yake yalikuwa na ukungu tayari, lakini yalinipata. "Anayeingia kimya kimya kwa watani wake ana msiba au ameiba," alisema. "Wewe una kipi?"

Akakanyaga mafuta, tukaingia tukibweka.

Machongo walisimama wote. Vifuniko vya injini viliachwa wazi, soda zikaachwa juu ya matairi. Mbele yao alikuja mtani mkuu wa babu, mama mmoja wa Kikenya muuza vipuri, mwenye sedani ya zambarau aliyoikata na kuishusha paa mpaka kofia yake ilikuwa ikikwaruza dari.

"Weee! Mzee amekuja na boda boda!" alipiga makofi. "Mtani, umemeza simba ama ni simba amekumeza?"

"Simba ni huyu," babu akasema, akinionyesha kwa kidole gumba. "Amemeza akili zake mwenyewe."

Walicheka mpaka ndege wa ziwani wakaruka. Mmoja akapiga kelele, "Ufunguo! Ufunguo!" na wengine wakadakia. Halafu nadhani wote walikumbuka kwa pamoja, kwa sababu kelele zilikatika ghafla. Wote walijua kuhusu pamiti. Mama Mkenya akaivua kofia yake.

"Aah, mzee wangu, hii leo tuiache," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sijasikia kitu. Masikio yangu yameingia maji."

"Siku gari lako lilipozimika Bugolobi, mimi niliacha?"

"Hukuacha. Uliniweka nyuma na ukaniimbia mpaka Lubaga."

"Niliimba vizuri?"

"Vibaya sana, mzee. Hata leo sijapona."

"Basi shika." Babu akautoa ufunguo dirishani. Nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari mdomoni. Nikavimeza vyote, na vilikuwa vichungu.

Mama Mkenya aliuchukua, akaupima kiganjani. "Ni wangu mpaka jioni?"

"Ni wako."

"Nifanye nao nitakavyo?"

"Ndiyo sheria."

Akazunguka gari, akasimama kwenye dirisha la mama yangu. "Dada, wewe unajua gia?"

"Najua za gari la kaka yangu," mama akajibu, hajaelewa.

"Hizo zinatosha. Shika, endesha baba yako."

"Huyo hajawahi kuligusa gari langu!" babu akaruka. Ni kweli. Hakuna aliyewahi kuligusa. Wajomba zangu wamekuwa na ndevu, wakaota mvi, hawajawahi hata kulisogeza kivulini.

"Mzee, gari ni la nani mpaka jioni?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu akimshinda babu kwa utani. Akashuka taratibu, akakunja kanzu yake, akainama, akaja kukaa nami kiti cha nyuma, ambacho katika maisha yake yote hakuwahi kukikalia.

Babu hakuwa na ufunguo tena, hivyo mbele ya msafara alitangulia mzee mwingine wa asilia. Sisi tulifungwa mkiani kabisa, nyuma ya moshi wa machongo. Gari lilimzimikia mama mara ya kwanza. Likazimika tena. Mara ya tatu tuliruka kama chura na babu akanishika goti.

"Klachi, mwanangu. Iachie kama unamlaza mtoto."

"Baba, usiniseme!"

"Sikusemi. Nasema na klachi."

Tulipofika kwenye lami nzuri babu alitulia. Mara akaanza kuniuliza. Miaka yote alikuwa akitazama barabara tu, hakuwahi kutazama pembeni, na sasa pembeni palikuwa ukungu. "Pale kulikuwa na mshona viti. Bado yupo?" Nikamwambia sasa ni duka la simu. "Na ule ukuta wa bluu?" Umepakwa tangazo la sabuni, babu, la mtoto anayecheka bila meno. "Anafanana na nani?" Nikasema anafanana na wewe. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na bega lake likabaki limeegemea langu. Niliendelea kumsomea mji mzima, vibao, mbuzi, maharusi waliokwama kwenye foleni. Mengine niliyatunga.

Kilima cha Lubaga ndicho kilichokuwa mtihani. Machongo walisimama mbele yetu katikati ya mwinuko, na kobe akaanza kurudi nyuma. Mama alipiga kelele. Babu hakupiga. Aliinua mkono, akauweka juu ya bega la mama, akafumba macho, akasikiliza. Kupitia kelele zote za bomba langu la kipumbavu alikuwa akiitafuta injini, naye akaipata.

"Bado," alisema. "Bado... Mpe. Sasa."

Tukapanda. Mama alilia na kucheka mpaka kileleni, na babu hakuuondoa mkono ule.

Jioni mama Mkenya alirudisha ufunguo kwa mikono miwili. Babu aliupokea, akautazama kidogo, akampa mama. Nyumbani aliingia ndani bila kuniangalia, akaenda kutawadha. Nikabaki uani na mama. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, mtandio umeteleza mabegani, unga wa asubuhi umekauka kwenye nyusi. Kisha akasema:

"Umemnyima baba yangu usukani wake wa mwisho, na mimi umenipa wa kwanza. Sijui nianze kukuchapa au nianze kukushukuru. Lete hiyo kandambili, tuanze na ninachokijua."