Busu la Mwalimu Raschke

Gottlieb Raschke alitoka Saksonia, Ujerumani, kuja Petersburg kwetu Urusi kufundisha dansi katika jumba la Malkia, lakini dansi ilikuwa kisingizio tu; alichokuja kutafuta ni cheo. Aliinamia kila mwenye nishani kifuani mpaka tukadhani ana ugonjwa wa kiuno.

Asubuhi ya Pasaka, Bi Praskovya, msiri wa Malkia, alimpa yai jekundu na kumbusu mashavuni mara tatu. Basi, jamaa akavimba kichwa! Akanijia mimi, mchochea moto wa jumba.

"We Terenti, kuanzia leo niite Mheshimiwa. Bibi kanipenda. Umeliona busu lile?"

"Nimeliona, Mheshimiwa. Hebu njoo dirishani."

Uani, Bi Praskovya alikuwa akimbusu dobi, kisha mzee mzoa mavi ya farasi, kila mtu mara tatu na yai lake, kama desturi yetu ya Pasaka.

Raschke akanywea. "Na wewe je?"

"Mimi alinibusu kabla yako," nikasema, nikimtwika kuni mikononi. "Haya, twende, Mheshimiwa. Majiko yanatungoja sisi wapenzi wa Bibi."