Bonde la Rufiji, Kama Lilivyoumbwa

Mpangaji wa chumba cha mwisho katika nyumba tuliyokuwa tunaishi Temeke alikuwa mpiga picha wa serikali. Kazini aliwapiga picha viongozi wakikata utepe au wakishika majembe, na kazi hiyo hakuipenda wala hakuichukia. Alichokipenda ni kamera yake mwenyewe, sanduku kubwa la mbao lenye mfuko wa ngozi uliokunjwakunjwa, alilolinunua kwa mwenye studio mmoja wa mjini aliyekuwa anahama nchi. Kila alipopata likizo alilifunga sanduku hilo pamoja na miguu yake mitatu ya kusimamia, akaondoka. Alirudi amekonda, ameungua na jua, na ana furaha. Kwao ilikuwa kaskazini, milimani, na hakuwa na mke. Mama yangu alimwonea huruma, akawa anampelekea wali na kisamvu. Naye alimwamkia mama shikamoo asubuhi na jioni, kana kwamba ile ya asubuhi ilikuwa imeshakwisha nguvu.

Mama nilimleta mimi kutoka Rufiji. Kwetu ilikuwa bondeni, kandokando ya mto, ambako maji yalifurika karibu kila mwaka na yakishuka watu walipanda kwenye tope lililobaki. Baba alifia huko, akazikwa nyuma ya nyumba. Kisha ukaja uamuzi wa kuwahamishia watu wote wa bondeni huko juu, kwenye kijiji kipya, wasisombwe tena na mafuriko, wapate shule na zahanati. Mama alipanda lori na kitanda chake na kuku wake. Kule juu zahanati ilijengwa kweli, lakini ardhi ilikuwa ya mchanga, na mama aliyezoea tope alipanda akavuna mabua, akapanda tena akavuna mabua. Mie nilikuwa kibarua kiwanda cha nguo. Nikamfuata, nikamleta mjini.

Alikuja akisema anapumzika tu. Kila mvua zilipokaribia alikuwa na maneno yaleyale: mwakani anarudi, na si kule kijijini, anarudi bondeni. Nyumba aliiacha imara, alisema, nguzo zake za mikoko hazikuwa za kuoza leo wala kesho. Ingetaka makuti mapya na kukandikwa upande unaopigwa na mvua. Alikuwa ameshamchagua hata mtu wa kumwezekea. Watu wa kwetu waliposhuka Mbagala na habari, wengine walimwambia nyumba zote zilibomolewa ili watu wasirudi, wengine walisema nyingine zimebaki. Mama aliwaamini hawa wa pili. Mie sikuwa na la kumpinga kwa kuwa sikuwa nimefika huko tangu wahamishwe.

Miaka hiyo alikuwa anakwenda darasa la watu wazima kwenye shule ya jirani, pamoja na akina mama wengine, kila mmoja na kidaftari chake. Alijifunza kusoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Akipita mbele ya duka au kituo cha basi alisimama asome kila kilichoandikwa, hata tangazo la dawa ya minyoo, na mie nilisimama nikimsubiri.

Basi, mwaka mmoja mpangaji wetu akakubaliwa na wakubwa wake kufanya maonyesho ya picha zake za mandhari, katika ukumbi mmoja wa Kinondoni. Karatasi kubwa za kuchapia zilikuwa adimu, kila kitu kilikuwa adimu, naye alizililia ofisini mwezi hadi mwezi. Aliniambia amechoka na nyuso za watu wanaoamriwa kucheka. Alitaka sie wa mjini, tunaoshinda kwenye foleni ya sukari na sabuni, tuione nchi jinsi ilivyokuwa kabla mtu hajaigusa. Akamwalika mama kwa heshima ya pekee, kwa ajili ya kile kisamvu.

Jumamosi hiyo mama alivaa kanga ambazo hazijaingia maji, akajifukiza udi, tukaenda. Nilikuwa nimezoea picha za ukubwa wa kiganja. Hizi zilikuwa kubwa kama milango. Hazikuwa za rangi, lakini ukisogea uliona kila jani na kila kokoto. Kulikuwa na mlima wenye theluji, maporomoko ya maji ya Uluguru, mbuga tupu yenye mvua inayonyesha kwa mbali, na katika zote hapakuwa na mtu hata mmoja. Watu waliongea kwa sauti ya chini kama wako msikitini. Kiongozi mmoja alitoa hotuba, akasema huu ndio utajiri wetu, akaondoka na gari lake kabla soda hazijagawiwa.

Mama hakutaka kuruka hata picha moja. Alianza mlangoni, akawa anasoma kila kibandiko kwa sauti, silabi kwa silabi, na watu wakampisha wakitabasamu. Mpiga picha alifuatana nasi, mikono nyuma, akifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Tulifika ukuta wa mwisho. Pale palikuwa na picha pana kuliko zote, ya mto uliopinda, na ukingo wa mchanga mweupe, na majani marefu, na miembe imesimama kwa mstari.

Mama akasoma: "Bo-nde la Ru-fi-ji, ka-ma li-li-vyo-u-mbwa."

Akasoma tena, safari hii bila kukatakata. Halafu akaiangalia picha yenyewe. Upande wa kushoto palikuwa na mvumo, mti wa jamii ya mnazi, mrefu, usio na kichwa, shina tupu. Mvumo ule ulipigwa na radi nikiwa mtoto, na sisi watoto tulikatazwa kucheza chini yake. Niliujua mara moja. Nikamshika mama mkono, nikadhani atafurahi.

Mama alimgeukia yule kijana mpiga picha. "Mwanangu, siku hiyo ulisimama wapi?"

Alilipenda swali. Akaeleza kwamba alitembea asubuhi nzima akitafuta mahali palipoinuka, mpaka akapata kichuguu kidogo. Bila hicho asingeupata mto wote.

"Kichuguu cha mchwa?"

"Hapana, mama. Udongo tu ulioinuka, umeota majani. Juu yake kulikuwa na mabonge matatu meusi, magumu kama tofali. Niliyaondoa ili miguu ya kamera ikae sawa."

Mama alielewa kabla yangu. Bondeni kwetu hakuna mawe. Wanawake hufinyanga mafiga kwa udongo, na moto wa kila siku huyakausha mpaka yanakuwa magumu namna hiyo. Na nyumba ya miti na udongo ikiondolewa paa, mvua za miaka kadhaa huishusha yote ikabaki tuta. Mpiga picha alikuwa amesimama juu ya nyumba yetu.

"Na nyuma yako," mama akauliza, "chini ya mwembe wa peke yake, uliona nini?"

"Majani, mama. Marefu kunipita."

"Hakuna kingine?"

"Sikuona kingine."

Huko ndiko alikolala baba. Mama alitikisa kichwa taratibu, akamwambia picha imetoka vizuri, akaomba tukae kidogo. Nilimtafutia kiti. Nilipomweleza yule kijana kwa kunong'ona, alirudi kwenye picha, akaanza kukibandua kile kibandiko kwa kucha. Msimamizi wa ukumbi akamzuia, akamwambia wageni wengine wanakuja kesho na picha isiyo na jina haieleweki. Kikabaki, kona moja imechanika.

Asubuhi iliyofuata kijana alikuja kukaa kizingitini kwa mama. Alisema kama angejua asingegusa kitu. Mama alimjibu kwamba aliyebomoa si yeye. Kijana akasema maonyesho yakiisha atamletea ile picha, iwe yake.

"Nitaiweka wapi?" mama akamuuliza. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili na njia ya kupita ubavu.

Hata hivyo kijana hakuwa na uwezo wa kuitoa. Picha zote zilichukuliwa zikatundikwe kwenye korido za ofisi mbalimbali, na ya Rufiji hatukusikia iliishia wapi. Alimchapishia mama nakala ndogo. Mama akashukuru kwa mikono miwili, akaiingiza chini ya godoro, na sikumwona akiitoa.

Mvua zilipokaribia nilingoja aseme mwakani anarudi. Hakusema. Nikamchokoza mwenyewe, nikamuuliza kama makuti tuyatafute mapema. Akaniambia nisimtanie. Darasani aliacha kwenda. Mwalimu alipokuja kumuulizia alisema macho yanamsumbua. Tulipopita madukani hakusimama tena. Kijana wa watu aliendelea kumwamkia, naye aliitikia, lakini kisamvu hakupeleka tena. Sidhani kama ilikuwa hasira. Nadhani alichoka tu kupika zaidi ya kilichohitajika.

Halafu hali ikawa ngumu kwa kila mtu. Filamu za kamera ile hazikupatikana tena kabisa, na mpangaji wetu akahamishiwa mkoani. Kabla ya kuondoka aliniambia kwamba kila akitafuta mahali pa kusimamisha miguu ya kamera anaangalia chini kwanza, na akishaangalia chini hamu ya kupiga inamtoka. Sanduku la mbao alimwachia mwenye nyumba, ambaye alifugia vifaranga ndani yake.

Mama alikufa masika, baada ya homa ya siku chache. Aliwahi kusema azikwe pembeni mwa baba. Lakini barabara ya kusini ilikuwa imekatika kwa maji, na kwetu maiti haingojeshwi. Tulimzika Temeke, kati ya watu ambao hatukuwajua.

Miaka kadhaa baadaye nilipata lifti ya gari la mpunga, nikashuka kwenye kile kijiji kipya, nikatafuta mtu wa kunifikisha bondeni nikaone tu. Mzee mmoja aliyemkumbuka baba aliniambia nisijisumbue. Mto ulikuwa umebadili njia kwenye mafuriko ya karibuni, ukala ukingo wote ule, miembe na yote iliyokuwapo. Sasa pale ni maji. Alinikaribisha chai. Nilikunywa, nikamuaga, nikaenda barabarani kungoja gari la kurudi Dar.