Dada Yangu Shekha na Ndege Aliyeitwa Kilemba

Nilijua kwamba dada yangu amekufa nilipomwona ndege wake mlangoni mwa afisi.

Jefwa, mtumishi wa shemeji yangu Seif, hakuwa amefungua kinywa bado. Alisimama pale juani, tenga mkononi, shuka yake imelowa mpaka kiunoni kwa kuvuka mto Sabaki. Ndani ya tenga Kilemba alikuwa akining'inia kichwa chini, miguu juu, ananitazama kwa jicho moja. Tangu siku aliyoingia nyumbani kwa Dada Shekha, ndege yule hakuwahi kutoka. Asingetoka Dada akiwa hai.

"Bwana Athman," Jefwa akasema, "Bwana Seif anakwambia uje Malindi. Bibi yu taabani kidogo, na..."

"Jefwa, niambie."

Akalitua tenga. "Alfajiri, bwana. Homa ilimzidi. Huyu ndege naye hakutaka waosha wamsogelee Bibi. Kamuuma Bi Mastura kidole mpaka damu. Bwana Seif kasema, mpeleke kwa shemeji, hakuna mwingine atakayemweza."

Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikuwa karani wa mudir, mkuu wa serikali pale Mambrui. Nikafunga daftari, nikaomba ruhusa, tukashika njia ya Malindi. Ilikuwa mwezi wa Shaaban, mwaka 1916.

Jamaa zetu huniuliza mbona kila nikimtaja marehemu nacheka kabla sijalia. Naandika haya ili watoto wa ukoo wetu, ambao hawakumwona, wapate jibu.

Shekha binti Omari alizaliwa mtaa wa Shela, Malindi. Mama yetu alipofariki nilikuwa mdogo sana, na Dada ndiye aliyenilea. Herufi za kwanza nilizisoma pajani pake, na ni yeye aliyewaandama wazee mpaka wakakubali niende kusoma Mombasa. Kazi yake ilikuwa kushona kofia. Kofia moja ilimchukua miezi miwili: vitundu vidogo vidogo vimetobolewa kwa sindano, kila kimoja kimezungushwa uzi, hata ukiinua kofia mbele ya jua unaona nuru imepita kama kwenye chekeche. Waumini wengi wa msikiti wetu walivaa kazi ya mkono wake.

Aliolewa na Seif, mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la mpira upande wa Mambrui. Mwenyezi Mungu aliwapa watoto wawili akawachukua wote wawili kabla hawajaachishwa ziwa. Baada ya yule wa pili Dada hakukufuru wala hakununa. Alisali, alipika, alishona. Lakini kucheka alikuwa hacheki tena. Miaka minne mizima hatukusikia kicheko chake.

Basi ikafika mwaka 1913. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, kijana wa miaka kumi na minane, nimeketi barazani na kitabu changu, Seif akaingia na tenga.

"Mke wangu, Bwana anarudi kwao. Mpira umeanguka bei, shamba linafungwa. Kanipa zawadi."

"Zawadi gani hiyo inayonguruma?"

"Ndege. Alikuja naye kutoka nchi ya Brazili, pamoja na mbegu za mpira. Miti imemshinda na ndege kamshinda."

Akafungua. Akatoka ndege mwenye mbawa za kijani, mkubwa kuliko njiwa, kichwa cha rangi ya udongo chenye michirizi myeupe, mdomo umepinda, jicho kali la manjano. Mwewe mtupu! Seif akanyoosha mkono amshike. Ghafla manyoya ya kisogoni yakasimama yote pamoja, yakafunguka kama upepeo kuzunguka kichwa, mekundu ya damu, kila unyoya una ukingo wa buluu. Akaanza kuyumba huku na huku, akapiga ukelele uliotikisa vikombe. Seif akarudi nyuma akapiga mgongo mlangoni. Mimi nilijikuta nimesimama juu ya kitanda, na mpaka leo sijui nilipandaje.

Dada hakuondoka. Alikuwa ameketi mkekani na kofia yake, na kidonge cha uzi kilikuwa kimemponyoka kinabingirika. Ndege akakiona. Upepeo ukalala. Akakifuata kwa kurukaruka, miguu miwili pamoja, akakidaka, akajitupa chali! Chali kabisa, kama mtoto mchanga, tumbo juu, akakirusha kidonge kutoka mguu huu kwenda mguu ule, akakigeuza, akakitia mdomoni, akakirudisha miguuni. Uzi ukamzonga shingo na mbawa. Alipotaka kuinuka akaanguka, akatutazama kama kwamba sisi ndio tuliomwangusha.

Nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Dada yangu alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka mtandio ukamponyoka. Seif akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi, macho yake yamejaa machozi, na wala hakuyafuta.

"Kilemba," Dada akasema alipopata pumzi. "Amekuja na kilemba chake, basi tumwite Kilemba."

Tangu hapo nyumba ile haikutulia. Kilemba alicheza kuanzia jua linapochomoza! Alining'inia kwenye kamba ya nguo kwa mguu mmoja, akibembea, akijipigia mluzi. Aliiba vifungo, akavificha chini ya jamvi, kisha akavitafuta kwa mshangao kama kwamba mwingine ndiye aliyeviweka. Mvua ikinyesha alijilaza uani, mbawa wazi, akipiga kelele za furaha. Akichoka aliingia ndani ya mtungi mkuukuu akalala, na ole wako uutikise.

Maana alikuwa na hasira za ghafla. Kucheza kwake na kuuma kwake vilikaa jirani sana. Dada peke yake ndiye aliyejifunza kumsoma. "Mtazame jicho," aliniambia. "Kile cheusi cha katikati kikianza kupanuka na kusinyaa, upesi upesi, furaha imemzidi. Toa mkono wako. Usimkemee wala usimkimbize. Mpe kitu cha kushika, atasahau." Mimi nilijifunza baada ya makovu matatu. Seif hakujifunza kabisa, kwa sababu Kilemba alimwonea wivu. Akikaribia tu mkeka wa mkewe, upepeo unasimama.

"Angalieni dunia," Seif alikuwa akilalamika mlangoni, sahani mkononi. "Bwana kanipa ndege, na ndege kaniibia mke."

"Si ukae huko huko," Dada humjibu. "Mwenzio kaja na kilemba, wewe umekuja na nini?"

Mwaka wa pili, karibu na Ramadhani, nikiwa tena nyumbani kwa likizo, mambo yakageuka. Jirani yetu Bi Mastura alipotelewa na vifaranga vitatu. Siku moja alichungulia juu ya ukuta akamwona Kilemba amesimama uani, upepeo wazi, anayumba. Akapiga yowe mtaa mzima ukasikia.

"Mwewe! Shekha anafuga mwewe! Ndiye anayenilia kuku wangu!"

"Shoga, huyu anakula papai na ndizi."

"Mdomo ule wa papai ule? Usinifanye mjinga!"

Maneno yakatembea. Ikasemwa kwamba kofia za Bi Shekha zinachezewa na ndege mwenye damu ya vifaranga mdomoni, na mtu akizivaa sala yake ina shaka. Watu watano waliokuwa wameagiza kofia za Idd wakatuma kusema wasishonewe tena. Seif akapatwa na haya msikitini. Akamwambia mkewe kwa upole kwamba itabidi ndege aachiliwe porini, ng'ambo ya mto.

Dada hakubishana. Alikuja kuketi karibu nami, akaniambia, "Athman, nimekwisha zika wawili. Kwa wale nilisema alhamdulillahi, maana aliyewachukua ni mwenyewe. Huyu anachukuliwa na maneno ya watu. Nenda kwa Mwalimu Shee. Akisema hapana, nitamtoa kwa mkono wangu."

Mwalimu Shee alikuwa imamu wetu, mzee mkali, mwenye maneno machache. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Ndege hai si najisi, awe mwewe awe njiwa. Hilo halina swali. Lakini akiwa anakula mali ya jirani, hilo lina swali. Nitakuja Jumamosi baada ya alasiri nimwone. Na huyo mwenye kuku aje na kifaranga."

Jumamosi ile ua wetu ulifurika! Wanawake walijaa upande wa jiko, wanaume mlangoni, wengine wamepanda ukuta. Mwalimu alikalishwa kiti katikati. Dada aliketi mkekani pake, amejitanda buibui, Kilemba begani.

"Weka kifaranga," Mwalimu akasema.

Bi Mastura akamweka. "Wa nne huyo, Mwalimu. Uwe shahidi!"

Kifaranga akalia pii, pii, akaanza kutembea. Kilemba akashuka begani. Akamtazama. Upepeo ukasimama, mwekundu, mpana kupita siku zote, na umati mzima ukarudi nyuma kwa pamoja. Nikatazama jicho: cheusi kinapanuka, kinasinyaa, kinapanuka. Seif akainua fimbo.

"Usimguse!" Dada akasema kwa sauti ya chini. "Mtu asitikisike."

Kifaranga hakujua lolote. Akaenda moja kwa moja mpaka miguuni pa Kilemba, akamdonoa kidole. Naam, akamdonoa! Kilemba akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto, akapiga ukelele, akakimbia! Akazunguka ua mara mbili, kifaranga nyuma yake akidhani amepata mama, na watu wakapasuka kwa vicheko. "Mwewe anakimbizwa!" mmoja akapaza sauti kutoka ukutani. "Bi Mastura, mshike kuku wako asije akamla mwewe!"

Kilemba akatafuta mahali pa kujiokoa, na mahali pa juu palipokuwa karibu ni kichwa cha Mwalimu Shee. Akatua hapo. Vicheko vikakatika kama vimekatwa kwa kisu. Akainama, akatazama kile alichokanyaga: vitundu, nyuzi, kazi aliyoizoea. Akaing'oa kofia kichwani mwa Mwalimu, akashuka nayo mkekani, akajitupa chali, akaanza kuizungusha kwa miguu, huku akiing'ata ukingo, mbele ya mji mzima, na upara wa Mwalimu unang'aa juani.

Dada akasogeza kidonge cha uzi taratibu mpaka kikagusa mguu wa ndege. Kilemba akaiacha kofia, akadaka uzi.

Mwalimu akanyoosha mkono, akaokota kofia yake, akaipangusa, akatazama ukingo. Palikuwa na pengo dogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho.

"Kofia hii aliishona nani?"

"Mimi, Mwalimu," Dada akajibu. "Niwie radhi. Nitakushonea nyingine."

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Mara ya kwanza nilidhani ni hasira. Kumbe mzee alikuwa akicheka, na alipoanza hakuweza kujizuia. "Nyingine ya nini? Hii ina ushahidi." Akaivaa. "Bi Mastura, mtafute mwizi wako kwingine. Na ninyi wengine, Ijumaa nitawasalisha na kofia hii hii. Mwenye shaka na sala yake asinifuate."

Ijumaa ilipofika alifanya hivyo. Wale watano walirudi mmoja mmoja, na Idd ilipoingia walikuwa wamevaa kofia zao. Mwezi haukupita, Bi Mastura alimkuta nguchiro ndani ya banda lake, akaja na papai zima. Hakumpa Dada. Alimpelekea Kilemba, akasema, "Mwewe wangu, unisamehe." Tangu hapo yeye na Dada wakawa mashoga kuliko ndugu.

Karibu miaka mitatu Dada alicheka. Namshukuru Mungu kwa hiyo. Kila likizo nilipokaribia nyumba nilimsikia kabla ya kubisha hodi, na hata nilipopata kazi Mambrui nilikuwa nikienda Ijumaa nyingi, kwa ajili ya kumsikia tu.

Siku ile ya Shaaban tulivuka Sabaki kwa mtumbwi, maji mekundu ya mvua. Kilemba alitoa mguu katika tundu la tenga akanishika kidole, hakuuma, akakishikilia mpaka ng'ambo. Tulifika Shela adhuhuri imepita. Bi Mastura alinipokea mlangoni, kidole kimefungwa kitambaa, macho yamevimba.

"Mwanangu, pole. Mlete kwangu huyo, nimkalishe jikoni na vifaranga. Kashaniuma, tumemalizana."

Nikampa tenga. Dada alikuwa amekwisha oshwa na kukafiniwa. Seif akanifunulia uso, nikamtazama, nikamwombea, nikambusu paji la uso. Tulimbeba mpaka msikitini baada ya sala ya alasiri. Nilisimama safu ya mbele, nyuma ya Mwalimu Shee kidogo upande wa kulia, na aliposimama kutoa takbiri ya kwanza niliona kofia yake. Ilikuwa ile ile, na pengo lake ukingoni.

Makaburini niliingia kaburini pamoja na Seif. Tulimpokea, tukamlaza katika mwanandani ubavu wa kulia, uso wake kibla, tukafungua vifundo vya sanda, tukaziba kwa mbao. Kila mtu akatupa udongo mara tatu. Mwalimu akasoma talkini, tukaitikia dua, tukamwagia maji. Seif akanishika mkono, tukarudi nyumbani kabla ya magharibi.