Babu Alikuwa Mtoto wa Nani

Mwaka huu nilirudi Gendabi wakati wa kupura maharage, na sauti ya kwanza iliyonipokea niliposhuka kwenye bodaboda ilikuwa ya fimbo zikitua juu ya maganda makavu uani kwa jirani. Utanicheka, rafiki yangu, lakini mabega yalinipanda yenyewe hadi masikioni. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, nimejikunyata barabarani kwa sababu watu wanapura maharage.

Ndivyo babu alivyotulea. Nyumba yetu ilikuwa na makande ya bibi, yale yanayolala jikoni usiku kucha juu ya makaa yaliyofukiwa kwa majivu. Ilikuwa na maziwa mgando kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, na upepo wa Mlima Hanang ukigonga bati alfajiri tulipokuwa tukitoka kubeba samadi kwenda shambani. Vyote hivyo navipenda hadi leo. Lakini nyumba hiyohiyo ilikuwa na fimbo ya mti mgumu wa mloliondo nyuma ya mlango, na siku ambayo haikushuka ilikuwa siku ya mgeni au Krismasi. Ndama akiingia kwenye mahindi, fimbo. Ukisahau shikamoo, fimbo. Baba yangu, mwanaume mwenye ndevu zake, alichapwa mbele yetu kwa kufunga ng'ombe vibaya, akasimama tu kama nguzo. Bibi alikuwa na pengo mbele, nasi tulijua lilikotoka, hatukuuliza.

"Hasira ya mzee ina mwenyewe," bibi alikuwa akisema huku akitukanda kwa maji ya chumvi. "Ninyi mnaokota makombo tu."

Mwenyewe wa hasira ile hatukumjua. Tulichojua ni hiki. Mama yake babu, binti wa kijiji cha Tlawi, alikwenda kufua nguo kwa mzungu mkulima wa ngano, enzi za Mwingereza, akarudi na mimba bila mume. Kwa Wairaqw wa siku zile msichana wa namna hiyo hakuruhusiwa kuzalia nyumbani. Walisema ardhi ingechafuka na mvua ingekataa. Kaka zake mwenyewe walimfukuza kwa fimbo, akajifungulia porini. Mtoto akatoka mweupe kuliko wenzake, macho rangi ya asali. Kwa kukosa pa kwenda, mama huyo alirudi naye shambani kwa mzungu, akakaa huko hadi mwanaume wa Gendabi alipomwoa. Bwana huyo alimlisha mtoto, ila jina lake hakumpa. Kwetu mwanaume huitwa kwa jina la baba yake. Babu aliitwa kwa jina la mama yake, na kila aliyelitamka ni kama alikuwa anamuuliza baba yako nani.

Nilikuwa darasa la tatu siku jirani alipomtania. Tulikuwa tumemaliza kuvuna, watu wamekaa uani na pombe ya mtama. Jirani huyo, ulimi umeshalegea, alimpokea babu kwa kusema, "Gud moning, mzungu wa Tlawi." Watu wakacheka. Babu aliweka kata yake chini taratibu, akachukua fimbo. Pigo la kwanza lilivunja mkono ulioinuliwa kujikinga, niliusikia mfupa. La pili lilichana paji la uso, damu ikadondokea kwenye pombe. Wadogo zake jirani walimrukia babu, wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu mpaka bibi akajilaza juu yake. Hata akiwa chini ya bibi alikuwa bado anarusha ngumi. Sisi watoto tulikuwa nyuma ya ghala tunashangilia kwa kunong'ona, maana siku hiyo haikuwa zamu yetu.

Basi mwaka huu nilimkuta babu huyohuyo kitandani, mbavu zote nje, mkono hauwezi kushika kikombe. Aliniita mimi, ambaye mgongo wangu unamjua vizuri.

"Wewe umesoma," alisema. "Nikifa wataandika nini msalabani? Mimi mwana wa nani? Nitafutie."

Nilimwendea mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Jina la yule mzungu wazee wanalo, kwa sababu hadi leo shamba lile linaitwa hivyo. Mwalimu alilitafuta mtandaoni mpaka akakuta wajukuu wa mzungu huko Uingereza wameweka kumbukumbu za ukoo wao: nani alibatizwa kanisa gani, nani alimwoa nani, nani alifariki akaacha watoto gani. Chini ya jina la yule mkulima wa ngano kulikuwa na watoto watatu, wote wa mke wake wa ndoa. Babu hakuwemo. Lakini kulikuwa na picha. Mzungu amesimama mbele ya ngano, na pembeni yake mtoto wa kama miaka sita, peku, macho ya rangi hafifu, amekumbatia buti mbili kubwa. Chini yake, kwa mwandiko wa mkono: "My boy, Hanang."

Mwalimu alinirushia picha hiyo kwenye simu, yeye akaingia darasani. Baba akainyakua simu. Ameishia darasa la saba, na Kiingereza chake ni cha ubaoni.

"Boy ni mvulana," alisema. "My ni wangu. Mwanangu. Kaandika kwa mkono wake. Damu nzito kuliko maji."

Alitoka mbio hadi kwa yule jirani, ambaye mkono wake umepinda hadi leo, akamfokea mlangoni kwamba babu ana baba. Kidogo wakabane koo. Mimi sikubisha neno. Nilitaka iwe hivyo.

Jioni mwalimu alikuja. Akampa babu shikamoo yake, kisha akatuita nje, mimi na baba.

"Msije mkakosea," alisema. "Wazungu wa enzi hizo walimwita mtumishi hivyo hivyo, hata awe mzee wa mvi. Boi. Inawezekana ni mwanawe, inawezekana ni mbeba buti wake tu. Neno ni lilelile."

Baba alimkwida shati, kifungo kikaruka. Nilimshika mkono. Alipopoa alisema mzee asiambiwe. Lakini mzee alishasikia kelele zote za mchana, akaniita ndani.

"Nisomee hilo neno kama alivyoliandika," alisema. "Kwa kizungu chake."

Ningeweza kusema mwanangu. Nilisema, "Mai boi."

Babu alifumba macho. Uso wake ukawa wa mtoto anayesubiri kuchapwa. Naujua uso huo, nimeuvaa miaka mingi. "Boi leta maji," alisema polepole. "Boi buti. Ukichelewa, kiboko, hapa." Akajigeuza kwa shida, akapandisha shati. Juu ya kiuno palikuwa na kovu refu ambalo sikuwahi kuliona, maana nani angethubutu kumtazama babu mgongoni. "Kila akinichapa aliniita hivyo. Sasa baba au bwana, utajuaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba naye alituita mwanangu kila fimbo iliposhuka. Hasira ya utoto mzima na huruma vilinijia pamoja, nikamshushia shati.

"Andikeni jina la mama," alisema. "Yeye alipigwa kwa ajili yangu na hakunikana."

Alifariki kabla sijarudi mjini. Makaburini kijana mmoja aliusoma msalaba kwa sauti, akacheka, eti mzee mzima kwa jina la mwanamke. Baba aliinuka na ngumi tayari. Bibi akamvuta koti.

"Kaa chini," alisema. "Mwenye ugomvi amelala."

Baba akakaa. Wajukuu wadogo walikuwa wanakimbizana kati ya makaburi, wanapiga makelele ambayo sisi tusingeyathubutu, na hakuna aliyewanyamazisha. Hapo ndipo nilipolia, rafiki yangu, kwa sauti kubwa, kama mtu ambaye hana tena wa kumwogopa.